Fundi wa simu za intaneti Mwanza: kisanduku tumenunua sisi, nywila kaondoka nayo yeye

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, anayetafuta muhtasari apite kimya kimya.

Ofisi yetu iko Kirumba. Tunauza nyavu, kamba, maboya na vipuri vya injini za boti. Ghala liko Igoma, na tuna duka Nansio, Ukerewe. Shida yetu haikuwa kubwa. Namba yetu ya mezani ya 028 imechapwa kwenye kila kitabu cha risiti tangu enzi za mzee mwenyewe, na wavuvi wa visiwani wanaijua kwa kichwa. Tulitaka iendelee kuita, ila ipokelewe kwenye simu mpya za intaneti, na Kirumba ikimtaka mtu wa ghala au wa Nansio ibonyeze tarakimu tatu bila kula vocha. Kwa kazi hiyo kinahitajika kisanduku cha katikati, wenyewe wanakiita geitiwei. Upande mmoja kinashika laini ya shaba, upande wa pili kinaongea na ruta. Kwa fundi anayejua kazi hii si mtihani.

Tukaletewa fundi. Sitaji jina wala kampuni yake, modi asije akaufunga uzi. Fulana ina nembo mgongoni, laptopu mkononi, Kiingereza kingi.

Kisanduku cha kwanza alichotuuzia kilikuwa na poti nne, zote FXS. Kwa wasiojua: FXS ndiyo inayotoa umeme, toni na mlio kwenda kwenye simu ya mezani, yaani inafanya kazi ya kampuni ya simu. FXO ni kinyume chake, inapokea laini inayotoka kwa kampuni. Huyu bwana akachukua laini ya kampuni akaichomeka kwenye FXS. Laini ya shaba ina volti kama 48 muda wote hata kama hakuna anayeongea, na simu ikiita zinakuja volti za kama 90 juu yake. Ukizikutanisha na poti ambayo nayo inasukuma umeme wake, unategemea nini? Poti ikafa. Akakinusa, akakitikisa, akasema, "Bosi, hiki kimetoka kiwandani kibovu." Tukalipa kingine. Cha kwanza kapita nacho, eti anakirudisha kwa muuzaji.

Kisanduku cha pili kina FXO. Simu ikaita, mzee akatabasamu, fundi akamaliziwa hela yake, akasepa. Vituko vikaanza.

Mteja anapiga, anaongea, anakata. Sisi nasi tunakata. Kisanduku hakina habari kwamba mazungumzo yameisha, kimeng'ang'ania laini. Kila anayepiga baada ya hapo anaambiwa inatumika. Dada wa mapokezi anakaa asubuhi nzima akishangaa mbona leo kimya, kumbe huko nje watu wanatutukana. Dawa pekee ni kuchomoa waya wa laini ukutani na kuurudisha, na siku hizi hiyo ni kazi ya mlinzi kabla hajakabidhi lindo. Nimeuliza wajuzi na kusoma. Kwa kawaida laini ya shaba inakujulisha kwamba mwenzako amekata kwa toni, na baadhi ya laini zinageuza umeme, chanya inakuwa hasi. Kisanduku lazima kielezwe toni ya nchi kilipo: masafa gani, inalia kwa muda gani, inanyamaza kwa muda gani. Kitabu kilichokuwa ndani ya boksi kinasema hiki kinatoka kiwandani kikiwa na toni za Marekani, 480 na 620 zikilia kwa pamoja. Hapa ni Mwanza. Aliyetakiwa kubadilisha hicho kipengele ni nani, mlinzi?

Halafu Nansio. Kuna mama mmoja wa dagaa, mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa dukani kule akapewa simu aulize bei ya nyavu Kirumba. Dada wa mapokezi anamsikia vizuri kabisa. Anamwambia, "Shikamoo mama." Mama kimya. "Shikamoo mama, karibu." Mama hasikii chochote, kwake simu iko wazi tu na hakuna mtu. Mwisho akasema, na sisi huku tunamsikia kila neno, "Siku hizi hata salamu hamtoi, si mmeshazila hela zetu?" Akaweka simu chini. Yule binti alilia. Ilibidi mzee mwenyewe ampigie kwa simu yake ya mkononi kumwomba radhi.

Sauti ya upande mmoja ni tatizo la zamani katika simu hizi, wala si uchawi. Simu ikianza mazungumzo inaandika ndani ya ujumbe wake anwani ambayo itapokelea sauti. Ile ya Nansio iko nyuma ya ruta, basi inaandika anwani yake ya ndani, hizi za 192.168. Kisanduku cha Kirumba kinaiamini, kinatuma sauti huko, na kwenye intaneti ya nje anwani hiyo haina mwenyewe. Sauti inapotea. Kuna kipengele cha kukiambia kisanduku kitume sauti kule inakotokea sauti ya mwenzake, kisiangalie kilichoandikwa. Na ruta nyingi zina kitu kinaitwa SIP ALG (SIP ndiyo lugha ambayo simu hizi zinaitumia kuitana na kukata), kinachojidai kusaidia kwa kuandika upya hizo anwani, na mara nyingi ndicho kinachovuruga. Unakizima.

Simu nyingine za Nansio zinasikika pande zote, halafu puu, zinakatika, na muda ni ule ule kila mara. Pimeni kwa saa kama yenu nayo inafanya hivyo. Ikiwa ni sekunde 32, si mtandao mbovu. Kanuni za SIP, RFC 3261 ya mwaka 2002, zinasema aliyepokea simu asubiri ujumbe wa uthibitisho kutoka kwa mpigaji. Usipofika ndani ya muda huo anafunga mazungumzo. Ujumbe unaishia kwenye ruta, simu inakufa. Mtandao mbovu hauna saa ya kukata.

Nilipompigia fundi unajua alisema nini? "Kiongozi, faiba yenu ndogo, ongezeni kifurushi." Tukaongeza, maana mzee alishachoka kelele. Haikubadilika kitu. Nikapiga hesabu mwenyewe. Kodeki ya G.711, yaani namna mojawapo ya kugeuza sauti kuwa data, tena nzito kuliko tunayoihitaji, inakula kilobiti 64 kwa sekunde, ukijumlisha na vifungashio vya pakiti inafika kama 87 kila upande. Simu tano kwa mpigo hazifiki nusu megabiti. Tulikuwa na megabiti 10 kabla ya kuongeza! Kama sauti inakwaruza wakati kamera za ghala zinapandisha video, dawa ni kuipa sauti kipaumbele kwenye ruta, na hiyo inafanyika bila kulipia kifurushi kipya.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nifungue uzi.

Tunaagiza nyavu China, kwa hiyo tulinunua pia salio la kupigia nje kupitia mtoa huduma wa SIP. Jumatatu moja tukakuta salio limekwisha. Kwenye taarifa kuna simu za usiku wa manane mfululizo, nchi ambazo hata kwenye ramani itabidi nizitafute. Hakuna aliyekuwa ofisini. Nikaingia kwenye ruta, ambayo namshukuru Mungu nywila yake ninayo mimi, nikakuta poti 5060 imefunguliwa kwa dunia nzima. Poti hiyo ndiyo mlango wa kawaida wa SIP, na kuna watu wameweka mashine zinazoigonga mchana na usiku zikijaribu namba na nywila. Nywila ya simu ya mapokezi, ekstensheni (namba ya ndani) 101, ni 101. Ya ghala, 102, ni 102. Mwizi hakuhitaji hata kufikiri.

Nikataka kuzibadilisha. Nikafungua ukurasa wa kisanduku, nikaweka ile nywila iliyoko kwenye stika ya chini. Imekataa. Ameibadilisha.

Yaani katika nywila zote za mfumo mzima, aliyoona umuhimu wa kuibadilisha ni ile ya kutufungia nje sisi wenye mali! Nimempigia, anasema hiyo ni "siri ya kampuni", tukitaka marekebisho tumwite, kila akija kuna hela ya kuja. Hela ya kuja kutoka Buzuruga hadi Kirumba, wakuu. Hajaacha mchoro, hajaacha faili la mipangilio, hajaacha hata karatasi ya kuonyesha waya upi unaenda wapi. Na ili nisimsingizie nimekagua mkataba wake: imeandikwa "kufunga na kukabidhi". Amekabidhi nini? Taa za kijani?

Nimefunga 5060 kwenye ruta kwa wengine, nimeacha anwani za mtoa huduma tu. Kwa hiyo Nansio sasa hawatupati kabisa kwa simu ya ofisi, wamerudi kwenye vocha. Ndiko tulikotoka.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Mkuu unayesema "si mtumie tu WhatsApp", asante, ila mteja wa visiwa vya Ghana au Goziba humu ziwani mwenye kitochi na namba yetu ya 028 kichwani hiyo WhatsApp ataishikia wapi?

Anayesema nibonyeze kitufe cha nyuma kwa kalamu kirudi kiwandani: najua. Kikirudi kiwandani kinafuta kila kitu, pamoja na akaunti ya mtoa huduma aliyoingiza yeye na namna alivyopanga simu ziingie, na nakala ya mipangilio anayo yeye. Ndiyo maana ana kiburi.

Waliosema niende TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa mjini, nitaenda. Wanatoa leseni ya kufunga na kukarabati vifaa vya mawasiliano, na vifaa vyenyewe vinatakiwa viwe vimeidhinishwa nao. Nilimwomba huyu bwana namba ya leseni yake kwa ujumbe. Tiki mbili za bluu, jibu hakuna.

Na wewe uliyeuliza kama tumeweka kinga ya radi: hatujawekewa, na nilikuwa sijaifikiria hadi uliponiuliza. Kwa radi za ziwani hizi, waya wa shaba umetoka nje juu ya nguzo umeingia moja kwa moja kwenye FXO. Mvua zikichanganya hata hiki cha pili tutakizika. Umeniharibia usiku, lakini asante.

NYONGEZA YA PILI: Kumbe kuna zaidi. Kisanduku hiki kina pia nafasi ya laini ya simu ya mkononi, kwa ajili ya kupiga mitandao ya simu. Laini alileta mwenyewe, ikiwa imeshasajiliwa, akasema "hilo niachieni". Leo nimeichomoa nikaiweka kwenye simu yangu, nikapiga *106#. Limetokea jina lake. Laini ambayo kampuni yetu inapigia wateja imesajiliwa kwa kidole cha kishoka! Akigombana na sisi anaifunga. Ikifanyiwa uhuni, sijui polisi wataanza na nani. Nimeitoa, na mhasibu ameshaambiwa asiiongezee salio tena.

Jioni amenipigia, naona kuna mtu humu kampelekea habari. Kaja kwa upole, "kaka yangu, tuyamalize." Masharti yake: nywila anatoa, ila kuna "gharama ya makabidhiano". Gharama ya makabidhiano! Nikampa simu mzee. Mzee hajui SIP wala FXO, lakini alimuuliza swali moja tu, "Kijana, ulilipwa hukulipwa?" Jamaa akakata. Naye, tofauti na kisanduku chake, anajua kukata.

Uamuzi umeshatoka. Kesho saa nne asubuhi tunakifuta na kuanza upya wenyewe, mimi na kijana wa kamera. Mtoa huduma ametutumia upya taarifa za akaunti yetu, kumbe ilikuwa ni kuomba tu. Nywila za ekstensheni zitakuwa ndefu hadi dada alalamike. Nansio tutaiunganisha kwa VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, kati ya ruta na ruta, ili 5060 isionekane tena nje. Kilichobaki ni toni ya kukata ya laini za 028. Mwenye kisanduku kinachokata vizuri hapa Mwanza aniwekee hapa masafa yake na muda wa kulia na kunyamaza, kama ilivyo kwenye ukurasa wake. Atakayeandika "mkuu mbona hilo rahisi tu, nicheki inboksi" nitajua ni yeye.