Kilo 73.4 kwenda 70: mashindano ya siku kumi na mizani ya kila pambano

KonaYaShangani (Mtwara)

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wanaozijua ngumi za ridhaa, za kulipwa tuziweke pembeni.

Kuna bondia hapa Mtwara mjini, miaka 21, urefu sm 178, asubuhi akishatoka chooni mizani inasoma 73.4. Anaandaliwa kwa mchujo wa timu ya taifa, na macho yako kwenye michezo mikubwa ya aina ya Jumuiya ya Madola. Uzito wake ulikuwa 71. Sasa tunaambiwa 71 haipo, kuna 70 na 75. Ashuke au apande? Na je, mizani ni mara moja kama ngumi za kulipwa, au vipi?

La pili ni majaji. Kijana ana mkono wa kulia mzito, lakini raundi ya kwanza huitumia kumsoma mtu. Akimdondosha mpinzani raundi ya tatu anaongezewa pointi ngapi?

Mazoezi yetu ni saa kumi jioni, na joto la huku mnalijua. Wenzake wanakimbia wamevaa nailoni ili washushe kilo. Tuendelee nayo?

BuktaYaBluu

Kuhusu 71: hiyo ni orodha iliyotumika Olimpiki ya Paris 2024, wanaume 51, 57, 63.5, 71, 80, 92 na zaidi ya 92. Tokyo na Paris ngumi ziliendeshwa na Kamati ya Olimpiki yenyewe kwa sababu IBA, shirikisho la ngumi la dunia la wakati huo, walikuwa wamesimamishwa, na 2023 wakavuliwa utambuzi kabisa. Sasa shirikisho jipya, World Boxing, ndio wameshika usukani na wana uzito wao. Wanaume: 50, 55, 60, 65, 70, 75, 80, 85, 90 na zaidi ya 90. Michezo mikubwa huwa haichukui uzito wote kwenye orodha, kwa hiyo kabla ya kumkatia kijana chakula, shika karatasi ya mwaliko na uone kilo zilizoandikwa humo.

MizaniHaidanganyi (Lindi)

Mwalimu wa Shangani, kwenye kulipwa unapima leo, unapigana kesho, biashara imeisha. Ridhaa kwenye mashindano makubwa unapima asubuhi ya kila siku unayopigana. Siku ya kwanza wanapanda mizani wote, hata yule ambaye droo imemrusha raundi ya kwanza, na siku hiyo lazima uwe ndani ya uzito wako, juu na chini. Kuanzia hapo kinachoangaliwa ni kikomo cha juu tu.

Piga hesabu. Wakiingia mabondia 24 kwenye uzito mmoja, 8 wanarushwa na 16 wanapigana. Anayeanzia chini akitaka dhahabu ana mapambano matano, kwa hiyo na mizani ni mara tano ndani ya siku kama kumi. Kushika 70 asubuhi moja ni suala la roho ngumu tu. Wewe jiulize kama ataishika asubuhi ya tano, mbavu zinauma, jicho limevimba, usingizi wenyewe wa mang'amung'amu.

Paris 2024 kulikuwa na mfano, ingawa ni wa mieleka. Vinesh Phogat wa India alipima vizuri siku ya kwanza uzito wa kilo 50, akashinda mapambano matatu, akaingia fainali. Asubuhi ya fainali akazidi gramu 100. Akaondolewa, na fedha pia hakuipata. Gramu 100 ni nusu kikombe cha chai.

Kinachofanya mambo yaharibike ni hiki: kilo mbili ulizozitoa kwa jasho zinarudi ukishakunywa, na mwili uliokaushwa hushikilia maji na chumvi kwa ubahili kuliko mwanzo. Mara ya pili kilo zile zile zinatoka kwa tabu. Mara ya tatu zinatoka miguuni, na unaiona raundi ya pili.

Kwa hiyo lenga uzito anaoweza kuishi nao. Kwa 70, asubuhi ya kawaida asome 71.5 hivi kabla hata wiki ya mashindano haijafika. Usiku wa kuamkia mizani, baada ya chakula, asizidi kikomo kwa zaidi ya kilo moja. Mtu akilala hupoteza kama nusu kilo mpaka kilo nzima kwa pumzi, jasho na haja ndogo, kwa hiyo kilo hiyo itajishughulikia yenyewe. Kutoka 73.4 mpaka 71.5 ni kilo 1.9. Nusu kilo kwa wiki, basi una kazi ya wiki nne. Ukiwa na wiki mbili tu, mpeleke 75 ale ashibe. Ataonekana mdogo kwenye kona, lakini miguu atakuwa nayo.

Hizo wiki nne usimnyang'anye ugali, maana ndio unaomfikisha raundi ya tatu. Bana mafuta: tui zito, chipsi, na korosho za kutafuna mchana kutwa. Gramu 100 za korosho zinakaribia kalori 550, na huku kwetu mkono hautoki kwenye mfuko. Uraka, ile pombe ya mabibo, msimu wake ukifika ni marufuku, hapo hakuna mjadala.

Siku mbili za mwisho usipunguze sahani, badilisha kilichomo. Dona, kisamvu, maharage, choroko na muhogo vikae pembeni. Wali mweupe, samaki wa kuchemsha na mayai viingie. Vyakula vya nyuzinyuzi hushika maji tumboni na hukaa siku mbili tatu. Mabadiliko hayo peke yake yanaweza kutoa nusu kilo bila kumnyima mtu tone la maji. Chumvi ipungue, isiondoke kabisa.

Nailoni piga marufuku leo leo. Jasho humpoza mtu linapokauka juu ya ngozi. Likidondoka tu sakafuni halijapoza kitu. Pwani yetu hewa yenyewe imeshajaa unyevu, ukimfunga nailoni umeziba hata kale kadogo kalikokuwa kanakauka. Kijana akianza kuongea maneno yasiyopangika au kuyumba, usingoje aseme anajisikia vibaya. Mvue, mwagie maji ya baridi mwili mzima, upepo, kisha hospitali. Na mbio zihamie saa 12 asubuhi.

KitiChaJaji

Nami nijibu la pointi, kwa sababu hapo wengi wanachanganya na za kulipwa wanazoziona kwenye televisheni.

Ridhaa, kumdondosha mtu hakuna nyongeza ya moja kwa moja. Mwamuzi atahesabu mpaka nane kwa lazima, lakini kwa jaji lile ni konde moja safi. Majaji ni watano na kila mmoja anatoa alama zake kila raundi ikiisha. Aliyeshinda raundi anapata 10, mwenzake 9 kama ilibanana, 8 kama ilikuwa wazi, 7 kama alitawaliwa. Tunatazama kwanza makonde yaliyotua kwa sehemu ya vifundo, glavu imefungwa, usoni au pembeni mwa kichwa au mwilini juu ya mkanda. Halafu nani aliliongoza pambano, na nani alikuwa anashindana kweli.

Mchukue kijana wako. Raundi ya kwanza anasoma mtu: 9-10. Ya pili inabanana, inaenda kule: 9-10. Ya tatu anamwangusha na kumshinda waziwazi: 10-8. Jumlisha, 28-28. Hapo mfumo unamlazimisha jaji achague mshindi, na chaguo hilo huna namna ya kuligusa. Sasa weka onyo moja la kukumbatia. Onyo linakata pointi kwenye kadi zote tano: 27-28, amefungwa, na ukumbi mzima unapiga kelele kwamba ameibiwa. Maonyo matatu ni kutolewa.

Raundi ni tatu tu za dakika tatu. Anayeitupa ya kwanza anahitaji mbili zilizobaki zote. Kusoma mtu asome, lakini asome huku mkono wa kushoto unafanya kazi. Jebu mbili, rudi, jebu tena mwilini. Mkono wa kulia utafuta nafasi wenyewe.

Kuna walimu bado wanafundisha ngumi za vitufe, gusa ukimbie. Mfumo ule ulikuja baada ya Olimpiki ya Seoul 1988, Roy Jones Jr aliponyimwa dhahabu dhidi ya Park Si-Hun mbele ya dunia nzima. Majaji watatu kati ya watano walitakiwa wabonyeze kitufe ndani ya sekunde moja ndipo konde lihesabiwe, na mfululizo wa mwilini ulikuwa unapotea hewani. Uliondolewa 2013. Mwaka huo huo wanaume wakubwa walivuliwa kofia za kinga, wanawake wakabaki nazo. Hili nalo ni la mazoezi: kijana anayefanya sparing (pambano la mazoezi) na kofia siku zote hujifunza kuingia na kichwa mbele bila kujua. Ulingoni hicho ni kichwa kwa kichwa, mpasuko wa nyusi, na lile onyo tulilolihesabu juu. Wiki za mwisho fanyeni raundi kadhaa nyepesi bila kofia, glavu za wakia 16, makonde ya kugusa tu. Kwenye pambano la kilo 70 atavaa za wakia 12.

Kingine ambacho walimu wanakisahau kwenye droo: hakuna pambano la kutafuta mshindi wa tatu. Wote wawili wanaofungwa nusu fainali wanavaa shaba. Ndivyo Kassim Mbundwike kwenye 71 na Yusuf Changalawe kwenye 80 walivyoleta shaba mbili kutoka Jumuiya ya Madola, Birmingham 2022. Medali inapatikana robo fainali, kwa hiyo kilo na pumzi zipangwe zifike pale zikiwa nzima.

DadaWaKlorini (Masasi)

Kaka zangu mmesahau kinachofanyika baada ya mizani. Kati ya kupima na kupanda ulingoni kuna saa chache, na hapo ndipo watu wanaharibu.

Pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, isiwe nusu lita "ili ikolee". Ikikolea inavuta maji kuyaingiza tumboni, anapata kuhara. Nusu lita ya kwanza anywe taratibu ndani ya nusu saa, halafu mafunda machache kila dakika 15 au 20. Alichokipoteza akirudishe mara moja na nusu: ametoa kilo moja, anywe lita moja na nusu kabla ya kupigana, maana nyingine itatoka kwa mkojo. Madafu ni mazuri ila yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo. Yasimame pembeni ya ORS, si badala yake. Chakula ni wali mkavu, ndizi mbivu, mkate na asali. Mchuzi wa nazi ungoje usiku.

Dripu hapana. Sheria za kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni zinakataza kuwekewa zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12, isipokuwa ni matibabu ya kweli ya hospitali. Na vile vidonge vya kukojoza, furosemide, vimo kwenye orodha ya marufuku. Kumeza kimoja ili kutoa kilo ni kutumia dawa iliyokatazwa, anaweza kufungiwa miaka.

KonaYaShangani (Mtwara)

Nimewaelewa, asanteni sana. Mchujo una wiki sita, nitampeleka 70 kwa mpango wa nusu kilo, na akifika wiki ya nne bado yuko juu ya 72 nabadilisha kuwa 75. Tatizo jipya: mizani tunayopimia ni ile ya ghalani ya magunia ya korosho. Inafaa?

MizaniHaidanganyi (Lindi)

Haifai. Ile imetengenezwa kwa ajili ya gunia, haitakuonyesha gramu 100 kwa uhakika, na gramu 100 umeshaona zinafanya nini. Tafuta ya kidijitali inayosoma gramu 50 au 100. Iweke kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, mkeka utoke, kwa sababu ikizama kidogo haisomi sawasawa. Ipime dhidi ya mizani ya duka yenye stika ya Wakala wa Vipimo: chukua katoni ya maji ambayo haijafunguliwa, ipime kule, kisha ipime kwako, andika tofauti kwa kalamu ubavuni mwa mizani. Rudia kila betri zikibadilishwa. Kijana apime saa ile ile, baada ya choo, na chupi tu, na namba iandikwe ukutani aione kila mtu. Ukifika kwenye mashindano huwa kuna mizani ya majaribio. Mpandishe hapo jioni ya kwanza, uone inatofautiana kiasi gani na ya Shangani kabla hajalala.