Kuwaomba mashabiki hela bila kuonekana ombaomba: mnafanyaje?

Sauti ya Pili

Wakuu, habari zenu. Naombeni mawazo, hasa kwa wale ambao hawana lebo wala meneja.

Natunga na kuimba mwenyewe na gitaa langu, na rafiki yangu hunipigia ngoma tukiwa na shoo. Nyimbo zangu ziko kwenye mitandao yote ya kusikiliza muziki. Wasikilizaji si wengi lakini ni wale wale. Kuna majina nayaona chini ya kila ninachoweka, tangu nikiwa narekodi kwa simu chumbani, blanketi limefunika dirisha ili mwangwi upungue. Mmoja alinitumia sauti yake akiimba kiitikio changu huku anaosha vyombo, maji yanasikika. Beti ya pili alijitungia maneno yake, na kusema kweli yalikuwa matamu kuliko yangu.

Sasa nataka kurekodi nyimbo tano kwenye studio ya maana, na mpiga ngoma alipwe kama mtu aliyefanya kazi. Mapato ya mitandao hayafiki popote. Tena tangu mwaka 2024 Spotify wana sharti kwamba wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haupati mrabaha wa rekodi, na mbili kati ya nyimbo zangu ziko chini ya mstari huo. Kwa hiyo imebaki kuwaendea mashabiki wenyewe.

Hapo ndipo ninapokwama. Kila nikiandika ujumbe wa kuomba mchango, nikiurudia kuusoma naona aibu. Nikijishusha, ni kama nawalazimisha watu wanihurumie. Nikichangamka, linakuwa tangazo la sabuni.

Nyinyi mnawaombaje? Mnatoa zawadi gani? Na kipi bora, kuchangisha mara moja kwa kazi moja au kuwa na watu wanaolipa kidogo kila mwezi?

Kinanda

Dada, pole, lakini mimi nimeshakata tamaa na hizi habari. Watu wamezoea vya bure. Wanaokusifia chini ya video ndio hao hao wanaopotea ukitaja hela. Utaletewa hapa mfano wa Radiohead, ile bendi ya Uingereza, kwamba mwaka 2007 walitoa albamu mtu akalipa anachotaka. Sawa, lakini walikuwa Radiohead! Walishatengenezewa jina na lebo kubwa kwa miaka mingi kabla ya kufanya hivyo. Mimi na wewe tukimwambia mtu alipe anachotaka, anachotaka ni kutolipa.

Tafuta kazi za kupiga kwenye sherehe, lipia studio yako, maliza.

Mzee wa Besi

Kinanda, kuhusu Radiohead uko sahihi kabisa. Ila mfano mimi huwa sichukui kwao, nachukua kwa Marillion, bendi nyingine ya Uingereza. Mwaka 1997 hawakuwa na uwezo wa kwenda kupiga Marekani. Mashabiki wao, waliokuwa wakiandikiana kwa barua pepe, wakaanza kuchanga wenyewe hadi zikapatikana kama dola 60,000, na wazo halikuwa la bendi. Baadaye bendi ikapata akili: ikawaandikia watu wake kwamba tunataka kurekodi albamu, lipieni nakala zenu sasa. Zaidi ya 12,000 wakalipa kabla albamu haijarekodiwa, ikatoka 2001. Na wakati huo hawakuwa tena watu wa kuongoza chati. Walichokuwa nacho ni anwani za watu.

Mdogo wangu Sauti ya Pili, anza hapo. Hayo majina unayoyaona chini ya video si yako, ni ya mtandao. Siku wakibadilisha utaratibu wa nani anaonyeshwa nini, utaandika na ujumbe hautawafikia hata wale wanaokupenda. Barua pepe au namba ya simu ambayo mtu amekupa kwa hiari yake, hiyo unahama nayo popote. Mimi kwenye meza ya pembeni ya jukwaa huweka daftari la kawaida, na kalamu nimeifunga kwa uzi wa besi uliokatika, maana kalamu huondoka na watu. Safu mbili tu, jina na barua pepe. Juu nimeandika kwa herufi kubwa: NITAKUANDIKIA NIKIWA NA WIMBO MPYA AU SHOO. BASI. Hilo neno la mwisho ndilo linalowafanya waandike, na nikilivunja watajitoa, na watakuwa na haki.

Zawadi. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimewapigia besi wasanii wengi waliochangisha na nimeona hela zinavyoyeyuka. Fulana zina saizi nne, rangi, kiwanda chenye kima cha chini cha kuagiza, bahasha, nauli ya posta. Unamaliza kuchangisha unajikuta mfanyabiashara wa nguo mwenye deni la nyimbo tano. Toa vile ambavyo kazi yenyewe inavizalisha: rekodi ya kwanza ya simu kabla wimbo haujafika studio, ukurasa wa daftari wenye mistari uliyoifuta, ngoma peke yake bila sauti. Mimi huwatumia watu laini ya besi tupu, na kikohozi cha fundi mitambo kimo humo humo. Ndicho wanachokitaja wakiniona.

Kisha hesabu. Andika hela inakwenda wapi, kipengele kwa kipengele: studio, mpiga ngoma, kumiksi, masta (kuung'arisha wimbo kwa mara ya mwisho), makato ya mtandao wa kuchangisha, na malipo yako wewe. Ndiyo, yako. Wasanii wengi huficha kipengele hicho kwa kuona haya, halafu shabiki anadhani muziki unatungwa na mtu asiyekula.

Na kuhusu mpiga ngoma wako, umenifurahisha kumtaja. Amanda Palmer, mwimbaji wa Marekani, mwaka 2012 alichangisha karibu dola milioni 1.2 kutoka kwa watu karibu 25,000. Alichapisha mchanganuo wa matumizi, watu wakamwelewa. Halafu akatangaza anatafuta wapiga ala wa kila mji aendako waje wapige naye bila malipo ya fedha. Moto ukawaka, hata kwa watu ambao hawakuwa wamechangia kitu, na mwisho akakubali kuwalipa. Hela ikishakuwa ya watu wengi, wanaangalia unavyowatendea wanaokuzunguka.

Mara moja au kila mwezi? Wewe, mara moja. Mchango wa kila mwezi ni deni la kila mwezi. Anaufaa mtu ambaye kazi inamtoka mfululizo, na kwa maneno yako mwenyewe wewe huna lebo wala meneja. Jack Conte, aliyeanzisha na mwenzake mwaka 2013 Patreon, mtandao ambao mashabiki humlipia msanii, ni mwanamuziki, na mwanzoni shabiki alikuwa anaahidi kulipia kila kazi inapotoka. Mantiki hiyo naipenda hadi leo: hakuna wimbo, hakuna makato.

Kuna ile hesabu ya mwandishi Kevin Kelly ya mwaka 2008, mashabiki wa kweli 1,000, kila mmoja akuingizie faida ya dola 100 kwa mwaka. Wengi wanaikariri namba na kusahau sharti lake, kwamba hela itoke kwa shabiki ifike kwako moja kwa moja. Na usiichukue kama lengo la sasa. Nyimbo tano hazihitaji watu 1,000, zinahitaji wale wale unaowajua.

La mwisho, jua nani ameshika hela katikati. PledgeMusic ilikuwa ikitumiwa na wanamuziki wengi kuchangisha, ikaanguka 2019, na wapo ambao michango ya mashabiki wao haikuwafikia. Soma masharti yanasema nini kuhusu siku ya kutoa, na ukiruhusiwa kutoa, toa.

Msikilizaji tu

Samahani kuingilia, mimi sipigi ala yoyote, lakini ni miongoni mwa hao wanaolipa, kwa hiyo naomba nisemee upande wetu.

Kinanda, si kweli kwamba tunapotea. Tunapotea pale tunapohisi tumegeuzwa mashine ya kutolea hela. Kuna mwimbaji nilikuwa namlipia kila mwezi. Kila ujumbe wake ulianza na "familia yangu", na kila ujumbe ulimalizika na kiungo cha kulipa. Kati ya ujumbe na ujumbe, kimya. Nikaacha. Mwingine ambaye namlipia mpaka sasa huandika mistari michache tu, mara nyingi bila kuomba kitu: leo nimekwama kwenye daraja la wimbo, nimejaribu kupandisha ufunguo, sauti haifiki, sikilizeni. Anatuma sekunde ishirini. Wimbo ulipotoka niliusikia ule mpando wa ufunguo nikapiga kelele peke yangu kwenye basi, abiria wakageuka.

Wasiokuwa nacho nao ni mashabiki. Nimewahi kuwa mmoja wao. Msanii anapoweka ngazi, huyu wa shaba, huyu wa fedha, huyu wa dhahabu, na majina yetu yanapangwa kwa uzito wa mfuko, yule asiye na kitu anajiona kaachwa nje ya mlango. Mwaka 2017 Patreon walitangaza makato mapya ambayo yangewaelemea zaidi waliokuwa wakichangia dola moja moja. Watu wengi wakajitoa kwa wasanii, na haikupita hata wiki mbili kampuni ikarudi nyuma ikaomba radhi. Wadogo wakikusanyika si wadogo.

Halafu dada, si lazima ujibu kila anayekuandikia. Mimi sitaki uwe rafiki yangu, nataka uimbe. Ukijibu watu usiku kucha utaanza kutuchukia, na tutasikia kwenye sauti.

Na kama nyimbo zako ziko Bandcamp, ule mtandao ambao msanii huuza muziki wake kwa mashabiki, wana Ijumaa maalumu walizoanzisha Machi 2020 ambazo hawachukui fungu lao kwenye mauzo. Tutajie siku hiyo mapema. Mimi huwa nasubiri nanunua vyote kwa mpigo.

Sauti ya Pili

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Mzee wa Besi, nimeamua mara moja, bila fulana. Nimeandika hivi, naomba mnikosoe:

"Habari zenu. Samahani kwa usumbufu. Nataka kurekodi nyimbo tano kwenye studio. Najua hali ni ngumu kwa kila mtu, lakini ukiguswa, chochote ulicho nacho kitanisaidia kutimiza ndoto yangu. Hela itakwenda studio, kwa mpiga ngoma, kumiksi na masta. Nawapenda sana, ninyi ni familia."

Mzee wa Besi

"Samahani kwa usumbufu" futa. Atakayekupa anwani yake amekupa ili umwandikie, sasa unaomba radhi kwa lipi?

"Chochote ulicho nacho" inaonekana ya unyenyekevu lakini inamtesa msomaji. Anakaa na simu mkononi anajiuliza, kidogo hiki si matusi? Mtajie. Gawanya gharama yote kwa idadi ya watu unaodhani watachangia, useme: kiasi fulani kinalipia saa moja ya studio. Anayetaka kulipia nusu saa atajua mwenyewe, na anayetaka saa tano vilevile.

"Ndoto" toa, weka tarehe. Studio tunaingia lini, nyimbo zinawafikia lini. Na sema itakuwaje hela isipotimia, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo kila mtu analo na hakuna anayeuliza. Mimi ningeandika: "Ikipatikana nusu, tutarekodi nyimbo tatu, na nitawaambia ni zipi."

Familia, Msikilizaji ameshakwambia. Na malipo yako hayamo kwenye hesabu, nimeona!

Kinanda

Mimi nina swali moja. Akikosa hata nusu?

Sauti ya Pili

Nimelifikiria. Ikiwa chini ya nusu, kila mtu anarudishiwa chake na narekodi wimbo mmoja kwa hela yangu. Nitaliandika hilo pia.

Toleo la pili:

"Habari zenu. Mwezi ujao mimi na mpiga ngoma wangu tunataka kuingia studio kurekodi nyimbo tano, mbili kati yake mmeshazisikia kwenye shoo. Gharama zote nimeziorodhesha hapo chini, pamoja na malipo yake na yangu. Mchango mmoja wa kiasi nilichokitaja unalipia saa moja ya studio. Ikipatikana nusu, tutarekodi tatu. Ikipungua hapo, kila mtu atarudishiwa chake. Atakayechangia atapata rekodi za simu za nyimbo zote kabla hazijatoka. Asiyeweza, nyimbo zikitoka atazisikia siku moja na wengine."

Mzee wa Besi

Hapo sawa. Badala ya "mpiga ngoma wangu" andika jina lake, kisha tuma. Na ukishatuma, siku mbili usiangalie simu.

Msikilizaji tu

Nami niweke kwenye orodha hiyo. Daftari liko wapi?