Mwanangu wa miaka 4 ana kimo cha mtoto wa darasa la pili, naambiwa homoni zimezidi. Naombeni ushauri

Mama K wa Pasua:
Habari za jioni wakuu. Nipo Moshi. Mwanangu wa kiume ana miaka 4, lakini viatu namnunulia Kiboriloni vya watoto wa darasa la pili, na konda wa daladala anamdai nauli ya mwanafunzi. Kichwa ni kikubwa tangu azaliwe, na bado anaongea maneno mawili matatu tu. Jirani anadai homoni ya ukuaji imezidi, nitafute dawa ya kuishusha. Mawifi wanasema tatizo ni ukoo wangu. Nianzie wapi?

Nesi wa Watoto:
Pole mama. Usimpe dawa yoyote kabla ya vipimo, nakusihi. Homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, nayo hulichochea ini litoe homoni nyingine, IGF-1, inayorefusha mifupa. Wanaweza kuangalia damu. Ila kimo, kichwa kikubwa na kuchelewa kuongea vikija pamoja, madaktari hufikiria pia sindromu ya Sotos, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtoto akue haraka, iliyoelezwa na Juan Sotos na wenzake mwaka 1964. Kwenye sindromu hiyo homoni ya ukuaji kwa kawaida iko sawa, hitilafu iko kwenye jeni ya NSD1. Sasa hiyo dawa itashusha nini? Sisemi mtoto anayo, daktari ndiye atakayeamua.

Baba Pendo, Arusha:
Dada, binti yangu anayo. Eksirei ya kiganja ilionyesha mifupa imekomaa kuliko umri wake. Ndiyo maana wengi hukua kwa kasi utotoni kisha kasi inapungua, na ukubwani hawapishani sana na wenzao. Kinachoniuma ni watu kumgombeza kama mtoto mkubwa. Shuleni nilimweleza mwalimu umri wake halisi, akaacha kumlinganisha na warefu wenzake. Na mawifi waambie: kwa walio wengi jeni hubadilika kwa mtoto mwenyewe, hajarithi kwa mama wala baba.

Mama K wa Pasua:
Mungu awabariki. Hospitali ya rufaa ya KCMC naenda moja kwa moja?

Nesi wa Watoto:
Anzia kwa daktari wa watoto hospitali ya Mawenzi, akiona inafaa atakupa rufaa. Beba kadi ya kliniki, wapime na mzunguko wa kichwa. Wakithibitisha Sotos, uliza kuhusu moyo, figo na uti wa mgongo. Mazoezi ya kuongea yasisubiri majibu.