Je, Jefferson alimlipa mhariri aishambulie serikali aliyoitumikia mwenyewe?

Swali
Ndugu zangu, katika kusoma historia ya Marekani ya miaka ya 1790 nimekutana na jambo linalonisumbua. Thomas Jefferson alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa George Washington. Wakati huohuo mshairi Philip Freneau, karani wa tafsiri katika wizara hiyo kwa mshahara wa dola 250 kwa mwaka, alihariri National Gazette, gazeti lililomwandama Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton. Je, huo haukuwa usaliti?

Jibu la kwanza
Swali lako ni la haki, ila Hamilton naye hakuwa mikono mitupu. Kabla Freneau hajaanza, Oktoba 1791, John Fenno alikuwa na Gazette of the United States, akipewa kazi za uchapaji za serikali na kusaidiwa fedha na Hamilton. Mwaka 1792 Hamilton mwenyewe alishika kalamu kwa lakabu, akauliza katika gazeti hilo kama Freneau alilipwa kwa kutafsiri au kwa kuwachafua viongozi. Freneau alikula kiapo mbele ya meya wa Philadelphia, mji mkuu wa wakati huo, kwamba Jefferson hakuhusika na gazeti lake. Kwa maoni yangu kiapo kile hakikugusa kiini, kwa kuwa Jefferson na mshirika wake, mbunge James Madison, ndio waliomshawishi aje Philadelphia. Agosti mwaka huo Washington aliwasihi mawaziri wake wavumiliane, na kila mmoja alijibu kwa kumlaumu mwenzake.

Jibu la pili
Naomba tusiling'ang'anie neno usaliti. Vyama vya siasa, cha upande wa Hamilton na cha upande wa Jefferson, vilikuwa ndiyo kwanza vinachipuka, havina ofisi wala kadi za uanachama, na kwa wananchi wengi gazeti ndilo lililokuwa chama chenyewe. Sheria ya posta ya 1792 iliwaruhusu wachapaji kupelekeana magazeti bila malipo, kwa hiyo makala iliyotoka Philadelphia iliweza kuchapishwa upya katika miji ya mbali, na msomaji ambaye hajapata kumwona Hamilton wala Jefferson akajua anasimama upande gani.

Jibu la tatu
Kwangu mimi, aibu kubwa zaidi ni Sheria ya Uchochezi ya 1798. Iliwakinga Rais na Bunge dhidi ya maandishi ya kashfa, lakini haikumkinga Makamu wa Rais, ambaye wakati huo alikuwa Jefferson, mpinzani wa chama kilichoitunga. Hapo nia ya watunga sheria inaonekana waziwazi. Kwa sheria hiyo Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, alifungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000, na wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa gerezani. Mwandishi James Callender, ambaye Jefferson aliwahi kumpa fedha, alifungwa miezi tisa mwaka 1800 kwa kumshambulia Rais John Adams. Jefferson alipoingia madarakani alimsamehe, ila hakumpa kazi ya posta aliyoitaka Richmond, na mwaka 1802 Callender akachapisha habari za Jefferson na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake.