Daftari la mjomba: nyimbo 40 kila Jumapili, halafu Jumatatu moja tu

Kijana wa Mikumi

Wakuu, habari za jioni. Nina swali kwa wazee wa humu, maana intaneti imenichanganya zaidi.

Wiki iliyopita tulitoa vitu chumbani kwa marehemu mjomba, hapa Magomeni Mikumi, tupige rangi. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, ndani yake kaunta buku la jalada gumu. Mjomba alikuwa mtu wa bandari. Mwaka 1966 walimpeleka kozi ya ufundi London, akarudi mwisho wa 1967. Nilidhani ni notisi za darasani, kumbe ni nyimbo tupu! Kila ukurasa juu kaandika Jumapili na tarehe, chini yake namba 1 mpaka 40, wimbo na msanii, mwandiko umenyooka utadhani anajaza leja. Juu ya kurasa zote kuna "Big L 266".

Nimelinganisha na chati za Uingereza za miaka hiyo zilizopo mtandaoni. Haziendani kabisa. Kuna nyimbo mjomba kaziweka juu wiki kadhaa kabla hazijaonekana kule, na nyingine kule hazipo hata chini. Je, alikuwa anajitungia? Na kwa nini 40 na siyo 10 au 20?

Kingine. Orodha zinaishia mwanzoni mwa Agosti 1967. Ukurasa unaofuata hauna orodha, una mistari miwili tu: "Jumatatu 14/8/67, saa tisa alasiri" na "A Day in the Life". Kurasa zote ni Jumapili, hiyo peke yake ndiyo Jumatatu. Kulitokea nini?

Chalii wa Tandika

Mjomba alikuwa anasuka mkeka huyo. Timu arobaini, odi za kufa mtu. Angalia kama kuna sehemu kaandika "umechanika".

Baharia Mstaafu

Kijana wa Tandika, umetania lakini umegonga penyewe. Nitafika huko.

Mwanangu wa Mikumi, pole na msiba hata kama ni wa siku nyingi. Mjomba wako hakutunga kitu. Big L ni Radio London, 266 ni mita za masafa yake hewani, na ile redio haikuwa London. Ilikuwa baharini, ndani ya meli. Nasema hivyo kwa sababu niliiona kwa macho haya.

Aprili 1967 nilikuwa kijana wa jikoni kwenye meli ya mizigo. Tulishusha katani Hamburg, tukavuka kwenda London. Kabla ya kuingia Mto Thames tukatia nanga kungoja zamu, pwani ya Essex, si mbali na mji unaitwa Frinton. Mpishi wetu, Mngazija mmoja mkali, alikuwa na transista ya betri nne, mfuniko wa nyuma umepotea, betri kazifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Siku hiyo akaiwasha, akazungusha kitufe, wimbo ni uleule. Akazungusha tena, uleule. Akaipiga kofi. Nikamwambia mzee, angalia dirishani. Ilikuwapo meli kuukuu yenye kutu, wala haikutisha, ila mlingoti wake ulikuwa mrefu mpaka unajiuliza haipinduki vipi. Tulikuwa karibu na mtambo kiasi kwamba transista haikuweza kushika kitu kingine. Tukamenya viazi siku nzima kwa muziki wa Big L, tupende tusipende.

Meli ile iliitwa Galaxy, zamani ilikuwa ya jeshi la majini la Marekani, kazi yake kutegua mabomu ya baharini. Ilianza kurusha matangazo Desemba 1964. Radio Caroline iliitangulia, Pasaka ya mwaka huohuo, ikiwa ya kijana wa Ireland, Ronan O'Rahilly. Waingereza waliziita redio za maharamia, ingawa hawakumteka mtu. Walikaa nje kidogo ya maili tatu za mamlaka ya nchi, kwa hiyo leseni hawakuhitaji. Na watu waliwapenda kwa sababu redio ya nchi ilikuwa moja tu, BBC, nayo ilibanwa na makubaliano na makampuni ya santuri na chama cha wanamuziki: saa za kupiga santuri kwa siku zilikuwa chache, muda mwingine bendi inakaa studio na kupiga upya wimbo wa mtu. Kijana anamtaka msanii mwenyewe, anapewa okestra ya wazee.

Sasa chati. Hizo ulizoziona mtandaoni zilitokana na maduka ya santuri kuulizwa wameuza nini. Na hata hizo zilikuwa zinagombana zenyewe, kila gazeti na yake, mpaka 1969 ndipo ikapatikana moja ya kukubaliana. Wimbo wa pili wa Beatles, "Please Please Me", ulikuwa namba moja kwenye magazeti mawili makubwa na namba mbili kwenye jarida la wauzaji, na hilo jarida ndilo vitabu vinalifuata leo. Kwa hiyo usiseme mjomba kakosea, uliza kwanza kakosea kwa mzani wa nani.

Radio London hawakuuliza duka lolote. Orodha yao waliiita Fab 40, wakaitoa kila Jumapili, na ilikuwa ni nyimbo walizoamua wao kuzipiga wiki hiyo. Wanasikiliza santuri mpya, wanakisia ipi itapaa, wanaiweka juu, halafu wanaipiga asubuhi, mchana na usiku. Ikipigwa hivyo watu wananunua, na baada ya wiki mbili tatu maduka yanakuja na jibu lilelile. Ndiyo nikasema kijana wa mkeka kapatia. Tofauti ni kwamba huyu aliyesuka mkeka alikuwa pia anaingia uwanjani kupiga penati.

Arobaini ni mtindo wa Marekani. Matajiri wa Radio London walitoka Texas na waliiga redio moja ya Dallas iliyokuwa na mtindo huohuo wa nyimbo arobaini. Hata vile vibwagizo vya kuimba jina la redio walitengenezewa Dallas. Caroline nao walikuwa na chati yao, ila pale pesa ilinuka waziwazi: tangu 1966 bosi mmoja alikuwa pia mwenye lebo ya santuri ya Major Minor, na santuri za lebo hiyo zilipigwa mpaka watangazaji wenyewe wakachukia.

Kijana wa Mikumi

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili. Na ile Jumatatu?

Baharia Mstaafu

Marahaba. Nilisahau, nilienda kuswali.

Bunge lao lilipitisha sheria: Mwingereza yeyote akifanya kazi kwenye meli hizo, akizipa tangazo la biashara, hata akizipelekea chakula na maji, ana kesi. Ilianza usiku wa manane wa kuamkia tarehe 15 Agosti 1967. Radio London wakaamua kufunga kabla, tarehe 14, saa tisa alasiri. Santuri ya mwisho ni hiyo aliyoiandika mjomba wako, ya Beatles. Haikuwahi kuwa kwenye chati kama wimbo wa peke yake, na BBC walikuwa wameukataa kwa kuutuhumu mambo ya dawa za kulevya. Caroline waliendelea mpaka Machi 1968, meli zao zikavutwa na matagi kwa madeni. BBC wakafungua Radio 1 tarehe 30 Septemba 1967, mtangazaji wa kwanza Tony Blackburn, aliyetoka kulekule kwenye meli.

Mama Upanga

Sisi huku chati hatukuijua, mwanangu. Bendi zetu, NUTA Jazz, Kilwa Jazz, zilirekodi studio za Redio Tanzania kwenye utepe, ukisikia wimbo umeusikia redioni, santuri yenyewe mpaka itoke Nairobi. Ungehesabu mauzo gani? Tulikuwa na kadi za salamu za kutuma redioni. Mimi nilikuwa naandika majina ya watu wa mtaa mzima, na jina la kaka mmoja wa mtaa wa Gerezani nalificha katikati ili baba asiligundue.

Baharia Mstaafu

Alilisikia?

Mama Upanga

Nimezaa naye watano.

Baharia Mstaafu

Kijana, nifanyie kazi moja. Tafuta Procol Harum, "A Whiter Shade of Pale". Kwenye vitabu ilishika namba moja Juni 1967, ikakaa wiki sita. Angalia mjomba kaanza kuiandika lini.

Kijana wa Mikumi

Nimeiona, mzee. Ipo tangu Mei, kaipigia mstari kwa wino mwekundu. Ilikuwa ya ngapi siwezi kukuambia, pembeni pale panya wamekula namba zote.