Tennessee na bunduki yao "rasmi": hili ni tangazo la biashara, si alama ya jimbo

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Mwanangu wa darasa la nne kaja na homuweki ya alama za jimbo letu la Tennessee, hapa Marekani. Mnyama rakuni, tunda nyanya, kinywaji maziwa. Sawa, hayo hayagombani na mtu. Naingia mtandaoni nimsaidie kumalizia orodha, nakutana na bunduki! Barrett kaliba .50 (yaani tundu la mtutu lina upana wa nusu inchi), imepitishwa na bunge la jimbo mwaka 2016. Dogo ananiuliza, "Baba, na hii niichore?"

Tuelewane kabla hamjanirukia. Pennsylvania nao wana bunduki yao rasmi, lakini ile ni ya enzi za walowezi, mahali pake ni makumbusho. Hii yetu ni ya kudungulia, wanajeshi wanaibeba vitani leo hii. Risasi yake moja ni ndefu kuliko kiganja changu na inapiga shabaha zaidi ya kilomita moja na nusu. California walipitisha sheria ya kupiga marufuku bunduki za kaliba hiyo kwa raia tangu 2004. Sisi tumeipa cheo.

Na sababu yenyewe? Eti inatengenezwa Murfreesboro, na aliyeibuni, Ronnie Barrett, ni mzaliwa wa huko. Basi! Serikali imegonga muhuri wake kwenye bidhaa ya kiwanda kimoja, bure kabisa. Sasa sikilizeni kichekesho: mwaka 2023 kiwanda kikanunuliwa na NIOA, kampuni ya Australia. Fahari ya Tennessee, faida Australia. Wabunge kimya.

Mwaka huohuo 2016, bunge hilohilo lilitaka Biblia iwe kitabu rasmi cha jimbo. Gavana Haslam akagoma kusaini, akasema ni kuidunisha Biblia, tena kuna tatizo la kikatiba. Kwa hiyo Biblia ilikwama, bunduki ikapita. Wanasheria wa humu nisaidieni, mimi nimeshindwa.

Machi 2023 wakauawa watoto watatu wa miaka tisa na watu wazima watatu pale shule ya Covenant, hapahapa Nashville. Watu wakafurika bungeni kudai sheria za silaha. Matokeo? Justin Jones na Justin Pearson, waliopaza sauti ndani ya ukumbi, walivuliwa ubunge Aprili, ikabidi halmashauri za kwao ziwarudishe. Bunduki yenyewe haijavuliwa chochote, bado ni alama rasmi.

Wajuaji najua mnakuja: "ni alama tu, haiui mtu." Kama ni alama tu, ifuteni basi, mbona mnaing'ang'ania? Na wewe unayejiandaa kuandika "mmepokewa, hamna shukrani", kaa chini. Wengi wetu huku tumetoka Kivu na Burundi, tukapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kilichotutoa kwetu ni mtutu, halafu leo mtoto wangu aukariri pamoja na nyanya na maziwa? Kodi tunalipa, tuna haki ya kulalamika.

Mliokwisha kupata uraia: nani kamwandikia mbunge wake wa jimbo kuhusu hili akajibiwa na binadamu? Mimi nilijibiwa na mashine, "asante kwa maoni yako". Kama una barua iliyopata jibu la maana, ibandike hapa tuinakili.