Mji Mkongwe: acheni kuvunja kuta za chini ili mpate maduka ya vioo!

Wakuu, hili la mitaa ya Hurumzi na Gizenga hapa Zanzibar limepita kiasi. Fremu ikipata mpangaji mpya, wa kwanza kuitwa ni fundi wa alumini. Milango ya mbao ya kukunja inang'olewa, ukuta wa kati unavunjwa, vyumba viwili vinakuwa duka moja la vinyago lenye kioo mbele. Aliyetoa kibali aliangalia nini?

Nyumba hizi hazina nguzo za zege. Kuta ndizo nguzo: mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, unene wa nusu mita hivi. Zimebeba boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, mita 3 hivi. Juu ya boriti kuna mawe na kifusi cha chokaa, mzigo mzito mno. Vunja ukuta wa chini, mzigo unamwelemea jirani, maana nyumba nyingi zimeshikana. Jirani anaona ufa juu ya mlango wake na hajui umetoka wapi.

Halafu saruji! Duka linapigwa lipu ya saruji na rangi ya plastiki, linameremeta. Matumbawe huvuta maji kutoka ardhini pamoja na chumvi. Chokaa huyaachia yatoke, saruji huyafungia ndani. Lipu inavimba, ukiigonga inalia tupu, kisha inabanduka na uso wa jiwe. Ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza, mchwa wanamalizia. Na mabomba ya viyoyozi yanadondosha maji papo hapo mchana kutwa!

Dawa mafundi wa zamani wanaijua. Bandua saruji kwa tindo, taratibu, bila nyundo kubwa. Acha ukuta ukauke, kisha uuloweshe kidogo kabla ya lipu. Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kulowekwa miezi kadhaa, sehemu 1 kwa mchanga 3, kila tabaka sentimita 1 tu, na ifunikwe magunia mabichi jua lisiipasue. Kazi hii ni ya wiki nyingi, na wenye maduka hawataki kungoja.

Beit al-Ajaib, jumba la kale hapa hapa Mji Mkongwe, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Bado tunaruhusu kuta zivunjwe vichochoroni bila msimamizi!

Kibali chochote cha fremu kisitoke kabla mhandisi hajapanda ghorofani kukagua boriti, na majirani wa pande zote mbili wapewe barua mapema.